Maji ya Shavu Moja

Jioni ya kuamkia mfungo nilisimama jikoni, ghorofa ya nne, mjini Berlin, nikajaza maji shavu moja kama mtoto anayecheza, kisha nikayatema kwenye glasi. Pale yalipofika nikachora alama kwa kalamu. Daudi alikuwa amelala kifuani, nimemfunga leso. Alikuwa na wiki sita.

Ile alama ndiyo ilikuwa mfungo wangu mwaka huo.

Wacha nieleze. Yom Kippur ni Siku ya Upatanisho. Myahudi hali wala hanywi kwa kama saa 25. Kwetu karibu na Nyahururu, ambako tuko Wayahudi wachache sana, nilianza kufunga nikiwa na miaka 12 na sikuwahi kuruka hata mara moja. Huko mambo yana mpangilio. Tuko pale pale ikweta, jua linazama karibu saa ile ile mwaka mzima. Hata lile katazo la kuvaa viatu vya ngozi siku hiyo halitusumbui. Kwa matope yale, kila mtu tayari yuko na gambuti.

Berlin ni hadithi nyingine. Mwezi wa sita Sabato inaingia saa tatu usiku, umesinzia zamani. Mwezi wa kumi na mbili inaingia kabla ya saa kumi jioni, na nguo bado ziko kwa mashine. Sikukuu zetu hazina likizo hapa. Unazibeba mwenyewe, pamoja na mtoto, nepi na ngazi za ghorofa nne.

Zaidi ya wiki moja kabla ya mfungo ulikuwa Mwaka Mpya wetu, nikajikaza nikaenda sinagogi. Masinagogi ya Berlin hulindwa na polisi, na kwa historia ya mji huo sihitaji kuelezwa sababu. Lakini mlinzi wa mlangoni alinihoji mpaka nikachoka. Nani amekualika? Unamjua nani ndani? Sala umejifunzia wapi? Watu walikuwa wanatupita wakiingia. Daudi akaanza kulia, maziwa yakanitoka yakalowesha gauni jeupe nililolipiga pasi usiku uliopita. Nikageuka, nikarudi kwa treni. Tufaha na asali, chakula chetu cha kuombea mwaka mtamu, nilikula nimesimama, peke yangu.

Siku tatu baadaye mkunga akaja. Ujerumani mkunga anakutembelea nyumbani baada ya kujifungua, na kusema kweli hilo ni jambo nitalikosa nikirudi Kenya. Alimweka Daudi kwenye kitambaa, akamning'iniza kwa mzani kama gunia la viazi la Nyandarua. Akanyamaza kidogo. Uzito haukuwa umepanda inavyotakiwa. Kula, akasema, kunywa maji mengi, mnyonyeshe kila anapotaka. Chupa tulikuwa tumejaribu. Daudi aliikataa kwa kelele zilizosikika jengo zima.

Nikampigia rabi mmoja. Hakuniuliza nani alinialika. Aliniuliza mtoto ana umri gani na mkunga alisema nini. Mama anayenyonyesha hufunga kama wengine, akaniambia, lakini mtoto akiwa hatarini, uhai unatangulia. Kwa hivyo nisinywe kama kawaida. Ninywe kidogo, chini ya maji yanayojaza shavu moja, ningoje dakika tisa, ninywe tena.

"Na isipotosha?"

"Basi kunywa kabisa. Usitafute ushujaa."

Nilishukuru, nikakata simu, nikalia. Mlangoni walikuwa na shaka kama mimi ni Myahudi, na sasa hata kufunga sifungi. Kilibaki nini?

Usiku ule bwanangu, ambaye ni nesi, alikuwa zamu. Wagonjwa hawajui sikukuu. Nikakaa jikoni na glasi, kitabu cha sala na saa ya ukutani. Nakunywa kidogo. Nasoma. Dakika tisa. Nakunywa tena. Daudi anaamka, ananyonya, analala.

Maungamo ya siku hiyo husemwa kwa wingi. Husemi "nimekosa", unasema "tumekosa", hata ukiwa peke yako. Miaka yote nilikuwa nayasema katikati ya watu, mama kulia, shangazi kushoto, kwa hivyo sikuwahi kujiuliza hiyo "sisi" ni akina nani. Jikoni ilibidi nihesabu. Daudi, ambaye hajakosa lolote. Mamangu Nyahururu, saa moja mbele yetu, huenda ashaingia kulala. Bwanangu wodini. Halafu nikafika kwa wale walionipita mlangoni bila kusema neno, nikakwama. Nilitaka kuwaruka. Lakini neno lenyewe haliruki mtu. Nikalisema, nikanywa maji yangu, nikatazama saa.

Nilifanya hivyo usiku na mchana wa pili, kila nilipokuwa macho. Hakukuwa na muujiza. Maziwa yalitoka, basi.

Nyota zilipoonekana niliwasha simu, na mamangu akapiga hata kabla sijala. Nilikuwa nimejiandaa kujieleza: rabi amesema hivi, mkunga amesema vile.

"Mama Daudi, alinyonya?"

"Alinyonya."

"Basi tumefunga," akasema. Kisha akaanza kunieleza mvua ilivyoharibu viazi.

Mkunga aliporudi, mzani ulikuwa umepanda. Ile alama imekataa kutoka kwenye glasi hata kwa sabuni, na nimeacha kuisugua. Siku nne baada ya mfungo ilikuwa Sikukuu ya Vibanda, ambapo unatakiwa kujenga kibanda nje na kula ndani yake, na sisi hatuna hata veranda.

Nikampigia rabi tena.