Kuirudia Kazi ya Daftari

Msomaji, ukipita katika mitaa ya Mombasa utaona ndani ya maduka, juu ya rafu za chumvi na viberiti, methali iliyoandikwa kwa rangi: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ilikuwako katika duka letu pia, kule Kisauni. Mume wangu alimwita fundi wa mabango aiandike siku tulipofungua, mwaka 2008, kwa herufi nyekundu zilizosomeka toka ng'ambo ya barabara. Bango lilikuwako, daftari lenyewe halikuwako.

Nakusimulia habari hii kwa sababu katika watu wote wa nyumba ile mimi peke yangu sikuwa na udhuru. Nilikuwa karani wa hesabu. Nilipomaliza shule ya sekondari mwaka 1995 niliajiriwa katika ghala moja la vifaa vya ujenzi, nikakaa hapo miaka sita nikiandika daftari la fedha na leja za wadai na wadaiwa, na kila mwisho wa mwezi nikitoa urari.

Huenda hujui urari ni nini. Katika utunzaji wa hesabu kila tendo la biashara huandikwa mara mbili, kwa kuwa hakuna kitu kinachoingia mahali pasipo kutoka mahali pengine. Ukinunua mifuko kumi ya saruji kwa fedha taslimu, saruji imeingia na fedha imetoka. Ukinunua kwa mkopo, saruji imeingia na deni limezaliwa. Mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, aliieleza njia hii katika kitabu kilichopigwa chapa Venice mwaka 1494. Hakuibuni yeye. Aliwakuta wafanyabiashara wa mji huo wakiitumia, na asili yake haijageuka hata leo, ijapokuwa kalamu imekuwa kompyuta. Basi mwisho wa mwezi hujumlishwa pande zote mbili, na jumla hizo hazina budi kulingana. Huo ndio urari. Zisipolingana karani halali usingizi. Mimi nilipata kukesha kwa ajili ya shilingi tisa, na nilipoziona, ilikuwa nimeandika 54 mahali pa 45.

Mwaka 2001 niliiacha kazi ile nilee mtoto wangu wa kwanza. Niliiacha kama mtu avuavyo sare na kuitundika msumarini, nikidhani ujuzi ni mali ya ofisi, hauna haja nyumbani.

Sasa lifikirie duka letu. Tulianza na akiba ya shilingi 120,000. Mauzo yalikuwa kiasi cha shilingi 4,000 kwa siku, na katika kila shilingi kumi tulizouza faida ilikuwa moja, yaani shilingi 400. Jioni mume wangu alikuwa akifungua kisanduku cha fedha na kuniambia, "Mama Rehema, Mungu ametupa." Nami nilikuwa nikiona noti nikafurahi kama yeye. Asubuhi mtoto alitumwa dukani kuchukua sukari. Mchana unga na mafuta. Jioni sabuni, mkate, na nauli ya mgeni. Nani angeandika? Duka ni letu, na sukari ni yetu. Jirani naye akija kukopa, mume wangu alimwandika juu ya kipande cha boksi la sigara, na panya wakafanya kazi yao.

Duka likafungwa mwaka 2012. Wenye maghala walikuwa wakitudai shilingi 155,400, na rafu zilikuwa tupu. Mume wangu alisema tumerogwa. Sikumcheka, kwa maana mtu ambaye mali yake imetoweka bila mwizi kuonekana atasema nini tena? Usiku ule, watoto walipolala, nilichukua daftari la shule la binti yangu, nikapiga mistari miwili, nikaanza kukumbuka.

Tulichokula kutoka rafuni nilikikadiria kuwa shilingi 350 kwa siku. Kodi ya chumba ilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, yaani 200 kwa siku. Hiyo ni 550, na faida yetu ni 400. Kila siku tuliyofungua mlango tulipungukiwa na shilingi 150, na siku tuliyouza vizuri ndiyo siku tuliyokula vizuri. Zidisha kwa siku 365 utapata 54,750. Zidisha kwa miaka minne utapata 219,000. Madeni ya majirani yasiyolipwa niliyaweka kuwa 60,000. Jumla, shilingi 279,000. Upande wa pili niliandika akiba yetu iliyoliwa, 120,000, na deni la maghala, 155,400. Pande mbili zilipishana kwa shilingi 3,600 tu.

Nitakuambia jambo ambalo sikumwambia mume wangu kwa muda mrefu. Nilipoona hesabu zile zinakaribiana, nilifurahi. Nilikuwa nimeketi katikati ya hasara yangu mwenyewe, moyo wangu ukashangilia kama zamani nilipokuwa nikitoa urari. Kisha nikaona haya, maana jambo nililolifumbua kwa saa mbili usiku ule ningaliweza kulifumbua katika mwezi wa kwanza. Katika ghala nilikuwa nimefundishwa kanuni moja kabla ya zote, kwamba biashara ni mtu mwingine, si mwenyewe. Mwenye duka akichukua mkate rafuni, duka limempa mkate, na yapasa liandike. Kanuni hiyo niliishika mali ilipokuwa ya tajiri wangu, nikaiacha ilipokuwa yangu.

Mwezi wa Januari mwaka 2013 nilijiandikisha kwa mtihani wa CPA. Mitihani hiyo ya uhasibu husimamiwa na bodi iitwayo KASNEB, iliyoundwa mwaka 1969. Aliyepata alama ya C+ katika KCSE huweza kuuingia moja kwa moja, na aliyepungukiwa kidogo huweza kuanzia diploma ya mafundi wa uhasibu, kisha akapanda. Alama yangu ya mwaka 1995 ilinitosha. Ilinishangaza kuona kwamba karatasi ile, iliyokaa sandukuni miaka kumi na minane pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ilikuwa ingali na nguvu.

Nilisoma jioni katika darasa lililojaa vijana. Siku ya kwanza walisimama nilipoingia, wakidhani mimi ni mwalimu. Walipojua sivyo waliniita mama, na mmoja akaniachia kiti karibu na feni. Nikawa najivuna kimyamyimya kwamba somo la uhasibu wa fedha halitanisumbua. Sheria ilinitia hofu, uchumi ulinitia hofu, lakini leja! Basi matokeo yalipotoka, nilikuwa nimefaulu sheria na nimeanguka katika uhasibu wa fedha.

Yafaa ulijue jambo hili kama nawe utataka kurudia kitu ulichowahi kukijua. Mkono wangu ulijua mahali pa kuandika kila tarakimu, ila sikujua sababu. Mtihani haukuniuliza niandike kama karani. Uliniuliza kwa nini gari la biashara hupunguzwa thamani kila mwaka, na kwa nini kampuni yenye faida vitabuni yaweza kukosa fedha ya kulipa mishahara. Ilinibidi kwanza nikiri kwamba nilikuwa mjinga katika fani yangu mwenyewe, na kukiri huko kulinichukua muda mrefu kuliko kusoma. Nilirudia mtihani, nikafaulu.

Nilipokwisha kupata vyeti vya sehemu mbili za mwanzo nilitafuta kazi. Sitakuchosha na habari za barua nilizoandika. Katika ofisi moja niliambiwa kwa adabu kwamba wanataka kijana mwepesi wa kompyuta, na kijana aliyeniambia hayo alikuwa akitumia programu ileile niliyokuwa nimejifunza. Nikarudi nyumbani kwa miguu ili nisilipe nauli.

Kazi ilinijia kwa njia nyingine. Mtaani kwetu kulikuwa na mama mwenye kinu cha kusaga nafaka. Siku moja mwaka 2015 alikuja na daftari lililojaa vijistari, kila kistari ni debe moja lililosagwa, akasema, "Dada, nasaga toka alfajiri, lakini bili ya umeme ikija sina kitu. Niangalizie." Nilimtazama nikajiona mwenyewe. Tulikubaliana anilipe shilingi 2,000 kwa mwezi. Neno la kwanza nililomfundisha ni hili: unga unaokwenda jikoni kwake naupimwe na uandikwe. Alikasirika. Akaniuliza kama namshuku kuiba mali yake mwenyewe. Mwezi wa tatu alikuja akanionyesha mstari wa matumizi yake binafsi, akasema, "Huyu ndiye mwizi wangu, nami ndiye." Tulicheka mpaka machozi.

Mmoja akamwambia mwenziwe, na baada ya miaka miwili nikawa na wateja saba: mwenye duka la dawa, fundi wa makochi, wachuuzi, na mfanyabiashara mmoja wa viazi na vitunguu katika soko la Kongowea. Huyu wa mwisho alinilipa shilingi 12,000 kwa mwezi, karibu nusu ya pato langu lote. Usidhani kujiajiri ni kulala mpaka jua lichomoze. Kodi za wafanyakazi zilipwe kabla ya tarehe 9, taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani ipelekwe kabla ya tarehe 20 kupita, na ya kodi ya mapato isivuke tarehe 30 Juni. Kila tarehe ina faini yake, na mteja akitozwa faini anakutazama wewe. Stakabadhi zangu nilizipata katika makopo ya maziwa, katika mifuko ya suruali, na nyingine zimefungiwa bisi. Sheria yataka zihifadhiwe miaka mitano. Bisi haikuniachia nyingine hata siku tano.

Mwaka 2018 yule bwana wa Kongowea aliniita ofisini kwake, akaniagizia chai na mahamri. Alitaka mkopo wa kununua lori. Akaniambia nimwandikie daftari mbili, moja ya benki yenye mauzo makubwa, na nyingine ya kodi yenye mauzo madogo. Alisema kwa upole, kama mtu anayeagiza bidhaa, tena akaongeza kwamba atanipandishia malipo. Nilimwomba siku mbili.

Sitajifanya shujaa mbele yako. Katika siku mbili hizo Rehema alikuwa anadaiwa ada ya shule, na nilifikiri kwa makini sana ni uongo kiasi gani ungeweza kuingia katika daftari bila kuonekana. Nilijua ungeweza kuingia mwingi, kwa kuwa elimu ile iliyonifundisha kuutafuta uongo ilinionyesha pia pa kuuficha. Usiku wa pili niliitoa ile karatasi ya 2012, nikaisoma. Tulianguka kwa kutojua tulipo. Nikiandika daftari mbili, bwana yule naye baada ya miezi sita hatajua alipo. Na mimi, nitakayekaa kati ya vitabu viwili visivyolingana, nitasimama katika kipi?

Nilikwenda nikamwambia siwezi. Hakugombana nami. Alimwita kijana wake, vitabu vyangu vikatiwa guniani mle mle mlimokuwa na vitunguu, vikatoka. Ada tulilipa kwa kuuza jokofu. Tukanywa maji ya mtungi mwaka mzima, na mume wangu, sharti nimtaje kwa hili, hakunilaumu hata mara moja. Kama bwana yule alipata lori lake au hakupata, sikuuliza. Tukikutana sokoni hunisalimu kwa heshima, na huniongezea kitunguu kimoja juu ya mizani.

Sehemu ya mwisho ya mtihani niliimaliza mwaka 2019. Hata hivyo cheti cha mtihani si ruhusa ya kukagua hesabu za watu na kuzitia sahihi. Ukaguzi ni wa wanachama wa ICPAK, taasisi ya wahasibu iliyoanzishwa mwaka 1978, tena wale wenye leseni ya kufanya kazi hiyo. Mimi natunza vitabu na kutayarisha kodi, na mteja akihitaji mkaguzi nampeleka kwake. Nimeona wenzangu wakivuka mpaka huo kwa sababu mteja hajui tofauti. Mteja hajui, ndiyo. Lakini wewe wajua.

Kazi imebadilika mikononi mwangu. Malipo mengi sasa hupita katika M-Pesa, na ankara hutolewa kwa njia ya eTIMS iliyoletwa na mamlaka ya kodi, hata makopo ya maziwa yamepungua. Wateja wangu ni kumi na mmoja. Wa kumi na mmoja hanilipi. Ni mume wangu, ambaye sasa anauza makaa na mafuta ya taa katika kibanda karibu na kituo cha matatu. Kila jioni huja na fedha yake, huketi upande wa pili wa meza na kunisomea, nami naandika. Jana zilipungua shilingi arobaini. Tulizitafuta tangu baada ya chakula mpaka saa nne za usiku, yeye akisema nimejumlisha vibaya, mimi nikisema amesahau kitu, hata Rehema, aliyekuja likizo, akatokea mlangoni akasema, "Baba, si ulininunulia mkate?"

Nikaandika: matumizi binafsi, 40.