Shokapu za Nyuma, Rooty Hill

Ukishuka treni Rooty Hill utaona kwanza maegesho, kisha nyumba za matofali, nyasi zilizoungua kwa jua la Januari, na pikapu. Pikapu kila mahali. Hapa ni magharibi ya Sydney, kilomita kama 40 kutoka katikati ya jiji, ndani ya eneo la Blacktown, na majirani wengi ni watu wa kazi za mikono. Wafilipino ni wengi, wa visiwa vya Pasifiki wapo, na sisi wa Afrika Mashariki tumo humo humo. Jambo moja lilinifurahisha tangu siku ya kwanza: magari hupita kushoto kama kwetu.

Wenyeji huiita pikapu yuti, na husema ni uvumbuzi wao. Inasimuliwa kwamba mwaka 1932 mke wa mkulima wa Victoria aliwaandikia Ford akiomba gari la kumpeleka kanisani Jumapili na kupeleka nguruwe sokoni Jumatatu. Kijana mchoraji wa magari, Lewis Bandt, akalichora, na mwaka 1934 likaanza kuuzwa. Yangu ni Hilux ya 2008, na nguruwe haijawahi kubeba. Hubeba mchanga, vigae, makochi ya wanafunzi wanaohama, na kila Idi nyama ya mbuzi wa nusu ya mtaa.

Gari likizidi miaka mitano, katika jimbo hili la New South Wales halipati usajili mpya mpaka likaguliwe kila mwaka. Safari hii fundi aliegemea kona ya nyuma kushoto kwa mikono miwili, akaachia. Gari lilipaswa kupanda, kutulia. Lenyewe likapanda, likashuka, likapanda tena kama mtumbwi. Akamulika chini kwa tochi: shokapu imelowa mafuta, vumbi limeganda juu yake. Akanipa siku 14.

Njiani kurudi nyumbani mwanangu aliniuliza, "Baba, kwani si ndizo zinabeba mzigo?" Wengi wetu hudhani hivyo, na ndiyo maana tukipakia mchanga mwingi tunalaumu shokapu. Mzigo hubebwa na springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi. Ndani yake kuna pistoni inayosukumwa ndani ya mafuta, na mafuta hayana njia ila vitundu vidogo. Kule kuhangaika kwao kupita ndiko kunakoula mruko wa gari na kuugeuza joto. Ukitoka kwenye barabara mbovu ukaigusa, utaikuta ina moto. Mafuta yakivuja, tairi linacheza. Kuna nukta ambazo haligusi lami vizuri, na breki haiwezi kusimamisha tairi lisilogusa chini. Nilitazama matairi yangu ya nyuma: yamelika mabaka mabaka. Nilikuwa nimeliona hilo miezi miwili kabla, nikajiambia ni upepo.

Na huyu kijana ana miaka 16, ana kibao cha L, na anajifunzia gari hilo hilo. Hapa aliye chini ya miaka 25 lazima aandike saa 120 za kuendesha, 20 kati yake za usiku, kabla ya kufanya mtihani. Saa 90 na kitu alizipata akiwa juu ya shokapu zangu mbovu.

Sababu sikuhitaji kuitafuta mbali. Mwaka 2022 Sydney ilivunja rekodi ya mvua iliyokuwa imesimama tangu 1950, na barabara zilibaki na mashimo ambayo mimi niliyapita nikiwa na vigae nyuma, mwendo ule ule.

Nikaamua hivi: za mbele nitampelekea fundi, za nyuma nitafunga mwenyewe. Si ubahili tu. Mbele, shokapu imekaa ndani ya springi ya duara iliyobanwa kwa nguvu nyingi. Ukiifungua bila kifaa cha kuibana, inaweza kukuvunja taya. Nyuma ni majani ya springi, na shokapu iko peke yake: bolti juu, bolti chini. Hubadilishwa mbili kwa pamoja hata kama inayovuja ni moja, la sivyo gari litakuwa na mguu mzima na mguu kiwete.

Jumamosi asubuhi tukaweka kabari kwenye matairi ya mbele. Upande wa kulia nikauinua kwa jeki, nikaweka stendi ya chuma chini ya ekseli. Upande wa kushoto nikauinua, na kabla ya kuweka stendi nikaona ngoja nijaribu bolti, imeshikwa na kutu au la. Soketi ikaniponyoka, ikabingirika chini ya gari. Mwanangu, kwa adabu tuliyomfunza ya kumwokotea mkubwa kitu, akateleza chini kuifuata.

"Toka!"

Alitoka. Kiswahili chake ni cha kusuasua, lakini hilo alilielewa. Nikashika bodi nikaisukuma kidogo kwa kiganja, ili aone. Gari likayumba juu ya jeki. Hakuna aliyesema kitu. Utotoni, Gerezani, Dar es Salaam, niliona mafundi wakilala chini ya magari yaliyoegemezwa kwenye mawe na magogo, nami nikakua nikidhani huo ndio ujuzi. Nikamwambia kosa ni langu, si lake. Nikaweka stendi, nikasukuma tena, mara hii kwa bega, halafu tukalaza tairi lililofunguliwa chini ya chesisi liwe mlinzi wa pili.

Bolti za kushoto zilitumaliza saa nzima kwa dawa ya kutu na bomba la kurefusha spana. Za kulia, dakika kumi. Shokapu mpya za gesi huja zimefungwa mkanda. Ukiukata, chuma kinajitokeza chenyewe polepole, na kijana aliruka nyuma akacheka. Akauliza kwa nini niliweka stendi chini ya ekseli na si chini ya chesisi. Swali zuri. Chini ya ekseli, uzito wa gari unabaki juu ya springi, na nati unaweza kuzikaza hapo hapo. Ukizikaza springi zikiwa zinaning'inia, bushi za mpira hujisokota gari linaposhuka, na hupasuka mapema.

Jioni tuliendesha kuelekea kwenye kilima chenyewe kilichoupa mji jina, yeye kwenye usukani. Jua lilikuwa linazama upande wa Blue Mountains. Kwenye tuta gari lilipanda, likashuka, likatulia. Alirudi nyuma akalipita tena, bila kuniuliza. Kwenye kitabu chake aliandika dakika 25. Za mbele ni Jumanne kwa fundi, siku ya tisa kati ya zile 14.