Amana ya Yatima na Picha za Chini ya Bahari

Ndugu wasomaji, khabari nitakayoisimulia ni ya aibu kwangu, lakini naona kuificha ni kosa la pili.

Hapa kwetu Shishiyu, wilayani Maswa, rizki yetu ni pamba, mahindi na mifugo. Bahari tunaisikia tu. Mpwa wangu, niliyemlea baada ya kufiwa na wazee wake, alikwenda Unguja akajifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa. Kisha akanijia: "Mjomba, nipe ng'ombe wanne alioniachia baba. Nataka kununua kamera ya kupigia picha chini ya maji, niwauzie wageni."

Nilicheka. Nilidhani ni mchezo wa vijana wa leo. Kumbe Mfaransa Louis Boutan alipiga picha chini ya bahari tangu mwaka 1893. Nikamzuilia ng'ombe wake, nikidai kwamba namhifadhia mali. Naye alikuwa mtu wa miaka 26, mwenye akili timamu! Na mimi ndiye niliyesomesha watu, miaka 40, Aya za Suratin-Nisaa zinazoamrisha yatima akabidhiwe mali yake akishabaleghe na kuonekana ana busara.

Basi kijana akarudi Unguja, akakopa kwa riba.

Mwezi wa Aprili mwaka jana alikuja kunitazama, amekonda. Usiku akanieleza kazi yake. Kamera hutiwa katika kasha lisilopenya maji, lenye pete ya mpira. Unywele mmoja au chembe ya mchanga ikikaa juu ya mpira ule, maji ya chumvi huingia na kamera hufa. Ukishuka, maji huimeza rangi nyekundu kwanza, vitu vyote vikawa vya kibuluu. Basi lazima ununue na taa. Anayepanda juu kwa pupa huweza kuingiwa na mapovu ya hewa katika damu, akapooza au akafa. Tena wageni wengi siku hizi wanazo kamera zao ndogo za kuingia majini. Ikifika masika wageni hupungua, lakini deni halina masika wala kiangazi.

Kisha akainamisha kichwa. Akasema kuwa karibu na Mnemba mgeni mmoja alimtaka amtoe kiti cha pweza majini, apigwe picha amemshika mkononi. Akakataa, kwa kuwa kiumbe yule huvuta pumzi humo humo majini, na kumtoa ni kumdhuru. Mgeni akenda kwa mwengine, naye siku ile hakupata hata senti.

"Mara ya pili nilimtoa, mjomba. Mwenye deni alikuwa ananingoja pwani."

Maneno yale yalinichoma. Mkono uliokosea ni wake, lakini mlango wa deni niliufungua mimi. Mwenyezi Mungu katika Suratin-Nahl ametutajia nyama na mapambo yatokayo baharini. Mimi ni nani hata nikadhani bahari haina rizki nyengine?

Asubuhi nilimkabidhi ng'ombe wake pamoja na ndama waliozaliwa, mbele ya mashahidi wawili, nikamwomba radhi kwa maziwa tuliyokunywa. Akauza watatu, akalipa deni, akarejea kazini mwezi wa Juni. Hakutajirika. Mwaka 1998 joto la maji liliua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi, na huenda likarudi. Duka lake limo mikononi mwa Mola, kama pamba yangu inavyongoja mvua. Lakini sasa akiambiwa amtoe kiumbe majini, anaweza kukataa na usiku akalala.

Ndugu zangu wazee, kazi ya kijana tusiyoijua si upuuzi kwa kuwa hatuijui. Tumnasihi, tumwulize, tumwombee. Lakini mali yake tumpe. Khiyana haigeuki kuwa hekima kwa kuvaa kilemba.

Wabillahi tawfiq.