Kuijua Riba si Kuila

Ndugu zetu katika imani, kila matokeo ya mitihani yatokapo, wazazi hutujia na swali: yafaa binti yetu asomee shahada ya uchumi, ilhali somo lenyewe limejaa riba? Twawajibu: kuijua riba si kuila. Tabibu huyasoma maradhi ili ayatibu.

Wala elimu hii si ngeni kwetu. Mwaka 1377 Ibn Khaldun aliandika katika Muqaddima kwamba dola changa hutoza kodi ndogo ikapata mapato mengi, na dola iliyozeeka hutoza kodi kubwa ikaambulia machache. Wanauchumi wangali wakilijadili jambo hilo hadi leo.

Hapa Kenya, benki zinazofuata sharia zilifungua milango mwaka 2008. Nani atazikagua hesabu zake, atwambie kama mauzo ya murabaha ni mauzo kweli, au ni riba iliyovishwa kanzu? Sisi masheikh hukumu twaijua. Hesabu zataka aliyezisomea.

Basi mwacheni aende, ila kwanza asome fiqhi ya miamala. Akirudi na elimu zote mbili, atakuwa kinga ya nyumba nyingi. Wallahu a'lam.