Namba 2,147,483,647

Sisi wahandisi tuliosomea ughaibuni tuliijua namba hii kabla hatujazoea baridi. Ni 2 iliyozidishwa yenyewe mara 31, ukatoa 1. Tena ni namba tasa. Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772 kwa kalamu: aling'amua kuwa kigawanyo chake chochote, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63, basi akabakiwa na chache za kujaribu, zisizozidi 46,340. Raha iliyoje!

Balaa ni kwamba kwenye programu nyingi za biti 32 hapo ndipo mwisho. Ongeza 1, namba inageuka hasi. Programu ya aina hiyo inayohesabu pesa kwa senti haivuki shilingi 21,474,836.47 (na sisi tunaojenga nyumbani tunajua hizo haziezeki hata paa). Saa zake nazo huhesabu sekunde tangu mwaka 1970. Zitafika kikomo tarehe 19 Januari 2038, Dar es Salaam ikiwa saa 12 na dakika 14 asubuhi. Wengi wetu tutakuwa tumestaafu, lakini mitambo tuliyoifunga miaka ya 1990 mingine ingali kazini, na tumeanza kuwaandikia mafundi waliobaki, mmoja mmoja, tukiwatajia ni ipi.