Vakansi shambani pamoja na mbwa

Kila mwezi wa saba, shule zikifungwa, ninaenda na watoto shambani kwa mama mkwe. Tunalala kwenye hema ya shitingi, na mbwa wetu Simba mlangoni. Akibweka usiku, najua kuna mtu.

Lakini kabla ya safari ninampeleka achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Shemeji huuliza: «Mbwa naye achanjwe?» Ndiyo, kwa sababu analala karibu na watoto, na ugonjwa huo ukishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Mtoto akiumwa na mbwa, osheni kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha mumpeleke kituo cha afya siku ileile. Msianze na majani, wala msingoje kuona kama mbwa atakufa.