Mbwa wa Mawindo wa Medina del Campo

Mwezi wa Februari, Medina del Campo, Hispania, ni tambarare tupu na baridi kali. Msimu wa kuwinda sungura umekwisha, na galgo wengi, mbwa wembamba wenye mbio, hutupwa barabarani. Sheria ya mwaka 2023 ya kulinda wanyama haikuwahusisha mbwa wa mawindo, ajabu kweli!

Makao ya uokoaji huwatafutia familia, hata ng'ambo. Mama mwenzangu, usiogope mbio zake: nyumbani galgo hulala karibu mchana kutwa. Bali uliza kama amezoea paka, na kama amepimwa ugonjwa wa leishmania unaoenezwa na usubi. Wengine huogopa hata ngazi, maana hawajapata kuishi ndani ya nyumba. Akilala, watoto wasimguse.